Modeli ya Kitale haiijui kayongo ya Bumula

Mwezi wa Machi mwaka 2017 mama yangu alikwenda sokoni Bungoma akanunua magunia mapya 10. Nyumbani Bumula alikuwa na mengine 9 ya msimu uliotangulia, yaliyokwisha kuoshwa na kukunjwa. Jumla 19, na hiyo 19 ilikuwa hesabu yangu. Nilikuwa nimempigia simu kutoka Kitale nikamwambia kwamba ekari yake moja, kwa mbegu ya haibridi, mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mmoja wa kukuzia, itampa magunia 19 ya kilo 90. Akaniuliza nimejuaje kitu ambacho Mungu bado hajakileta. Nikamjibu kwamba kompyuta imesoma mashamba mengi kama lake.

Mwisho wa Agosti alivuna magunia 7.

Nimeyarudia maneno yale mawili, "kama lake", kwa miaka mingi sasa. Kompyuta haikuwa imesoma hata shamba moja kama lake. Ilikuwa imesoma mashamba ya Kiminini, Saboti na Kwanza, katika kaunti ya Trans Nzoia, kwa misimu miwili, 2015 na 2016. Mimi ndiye niliyeibeba hesabu ya huko nikaishusha Bumula bila kuijaribu. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya data kwa watu waliokopesha wakulima pembejeo, na hesabu hiyohiyo ndiyo iliyopendekeza jirani za mama wapewe mkopo wa kiasi gani. Mavuno yalipokuja kidogo, mkopo haukupungua. Mama mmoja mzee ninayemwita kukhu, ambaye boma lake limepakana na letu, aliuza mbuzi wake wawili kulipa deni lililopimwa kwa mahindi ambayo hayakuota.

Naandika leo kwa sababu hesabu za namna hii zimeenea. Mkulima anapata ujumbe kwenye simu ukimwambia atie mbolea kiasi gani. Anapewa mkopo au kunyimwa. Bima inamlipa au haimlipi. Nyuma ya mambo hayo mara nyingi ipo modeli ya regresheni, iliyofunzwa mahali fulani, mwaka fulani, kwa mashamba ya watu fulani. Katika ujumbe wote niliosoma kwenye simu za jirani zangu, sijaona hata mmoja unaosema hesabu hiyo ilijifunzia wapi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Wakati wa mavuno unaingia shambani na kamba, vigingi vinne, mizani ya kuning'iniza na kipima unyevu. Unayo karatasi yenye namba mbili zilizochaguliwa kwa bahati nasibu: hatua ngapi kufuata urefu wa shamba, hatua ngapi kuingia ndani. Unapofika hapo unapiga kigingi, iwe pazuri iwe pabaya. Mwenye shamba atakuvuta mkono. "Kijana, hapa maji husimama, njoo upande huu uone mahindi." Huendi. Unazungushia kamba mraba wa mita 5 kwa 5, unavuna kila gunzi lililomo, unapukuchua, unapima. Ekari moja ni kama miraba 162 ya aina hiyo. Mraba ukitoa kilo 10 za mahindi makavu, ekari ni kilo 1,620, yaani magunia 18. Ukikosea kilo moja kwenye mizani, umekosea karibu magunia mawili kwenye ekari. Nimepima miraba hiyo kwa mikono yangu, kwenye umande, na bado naamini ndiyo kazi ya heshima zaidi katika mlolongo mzima, kwa sababu hapo ndipo mahindi yenyewe yanapozungumza.

Baada ya hapo unakaa na jedwali. Kila shamba lina mstari wake: mbolea kiasi gani, mbegu gani, lilipandwa tarehe gani, lilipaliliwa mara ngapi, lilitoa nini. Regresheni inatafuta uzito wa kila safu, ili makadirio yapite katikati ya mashamba yote kwa namna ambayo makosa, ukizidisha kila moja kwa lenyewe na kuyajumlisha, yawe madogo kuliko kwa uzito mwingine wowote. Ukishaupata uzito huo, unaweza kuuliza habari za shamba ambalo hukulipima. Hapo ndipo penye utamu na penye hatari. Modeli inayajua mashamba yaliyomo kwenye jedwali. Yaliyo nje ya jedwali inayakisia, na inayakisia kwa sauti ileile ya uhakika. Haikwambii "hapa sijawahi kufika". Inakupa 19.

Sasa nieleze kilichotokea Bumula, maana nimekichunguza kama mtu anayechunguza ugonjwa uliomuua ndugu yake.

Ukipanda matatu Kitale asubuhi umevaa sweta, ukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, ukifika njia panda ya Kanduyi umeshaivua. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mji wa Bungoma kama mita 1,400, na Bumula kunaendelea kuteremka. Mahindi ya Kitale hukaa shambani miezi sita, saba, hata minane, yakijaza punje polepole kwenye baridi. Ya Bumula hukomaa haraka kwa sababu ya joto, na mkulima anataka hivyo, kwa kuwa mvua za vuli zikija anapanda tena. Siku chache za kujaza punje ni punje nyepesi. Mwinuko peke yake unatosha kuvuruga hesabu.

Na mwinuko nilikuwa nao. Ulikuwa safu katika jedwali langu. Niliutoa. Mashamba yangu yote ya Trans Nzoia yalikuwa yamekaribiana kwa kimo, na ndani ya tofauti ndogo ile mwinuko haukuonekana kubadilisha mavuno. Modeli iliniambia hauna maana, nami nikaitii, nikajivunia kuwa na modeli nyepesi. Ningependa kila kijana anayefanya kazi hii asome hapa mara mbili: kitu kisichobadilika ndani ya sampuli hakiwezi kuonyesha nguvu yake, hata kama ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Samaki hawezi kukueleza maji ni nini. Nilipoivusha hesabu yangu hadi mahali ambapo mwinuko umeshuka mita mia tano, ilivuka bila macho.

Gugu la kayongo halikuwa na safu kabisa. Wasiolijua gugu hili wakiliona hulisifu, maana lina maua mazuri ya zambarau. Chini ya ardhi limeng'ang'ania mizizi ya mahindi likinyonya chakula na maji, na mahindi yanadumaa na kupauka kama yamekosa mvua huku mvua ikinyesha. Mche mmoja huacha makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, zinazoweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Nyanda za chini za Bungoma na Busia zinalijua vizuri. Mashamba niliyoyapima Trans Nzoia hayakuwa nalo, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza niandike kama lipo, nami sikuwaza kuuliza, ingawa nililing'oa kwa mikono yangu nikiwa mtoto katika shamba lilelile la mama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Elimu niliyokuwa nayo mwilini sikuiingiza kwenye jedwali, kwa kuwa jedwali lilitoka Kitale.

Tena kuna jambo dogo ambalo ofisini halionekani. Bumula watu hula mahindi mabichi. Kuanzia Juni sufuria za mahindi ya kuchemsha ziko kila jikoni, na ya kuchoma yanauzwa kando ya barabara. Shamba la ekari moja lenye watoto na wageni limeshapungua kabla ya siku ya kuvuna. Hayo ni mavuno pia, tena yaliliwa wakati wa njaa yalipohitajika zaidi, lakini hesabu ya magunia haiyajui.

Juu ya yote hayo mwaka wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 2017 ndio viwavi jeshi vamizi vilivyothibitishwa kuingia Kenya, na magharibi ndiko vilikoonekana mapema, Trans Nzoia na Bungoma zikiwemo. Misimu niliyokuwa nayo haikuwa na viwavi hivyo hata kimoja. Kwa hiyo modeli ilikuwa imetolewa nje ya mahali pake na nje ya wakati wake kwa mpigo mmoja. Mama aliniambia kwa simu kwamba ukifunua kilele cha mhindi unaona unga kama wa msumeno. Nilimwambia anyunyizie dawa. Sikumwambia kwamba 19 imekufa, kwa sababu mwenyewe sikuwa nimelielewa hilo.

Mtu wa takwimu ataniuliza: je, hukuijaribu? Niliijaribu, na jaribio lenyewe ndilo lililonipoteza. Nilichukua mashamba yangu, nikaficha moja katika kila matano kwa bahati nasibu, nikafunza modeli kwa yaliyobaki, nikaitaka ikisie yaliyofichwa. Ilikosea kwa wastani wa magunia 3 hivi. Nikaridhika, wakubwa wakaridhika, tukasema imefaulu nje ya sampuli. Lakini shamba lililofichwa lilikuwa limepakana na shamba lililoonekana. Udongo mmoja, wingu moja, duka moja la mbegu, hata fundi mmoja wa jembe la ng'ombe. Kumficha jirani mmoja na kubaki na wanne wake si kuficha kitu. Miaka miwili baadaye nilirudia kazi ileile, safari hii nikaficha Saboti nzima, kila shamba lake, na kuiachia modeli Kiminini na Kwanza tu. Kosa likaruka hadi magunia 6. Na hapo hatujatoka Trans Nzoia, hatujashuka hata mteremko mmoja. Jaribio hilo lingenichukua alasiri moja mwaka 2017. Kama ningelifanya, nisingepiga ile simu.

Kinachonisikitisha ni kwamba mji wa Kitale wenyewe ulishatufundisha namna ya kufanya, kabla hata sijazaliwa. Kitale ni mji wa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianza hapo mwaka 1956, na katika kituo cha utafiti cha Kitale, Michael Harrison na wenzake walichanganya mahindi ya hapa yaliyoitwa Kitale Synthetic II na mahindi ya Amerika Kusini, Ecuador 573, wakapata Hybrid 611 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mbegu ile ilibadilisha nyanda za juu. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa imestawi Kitale basi ipandwe kila mahali. Zilitafutwa mbegu nyingine kwa ajili ya nyanda za kati, na nyingine tena kwa penye ukame. Hata kwa kayongo ilipatikana mbegu iliyopakwa dawa, ikaitwa Ua Kayongo, jina ambalo kila mkulima alilielewa bila kufafanuliwa.

Hadi leo, kwa kawaida, mbegu mpya ya mahindi haiuzwi Kenya mpaka ipitie majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, katika vituo mbalimbali vyenye hali ya hewa tofauti, na si kwa msimu mmoja. Kituo kizima kinasimama kama mtihani. Ikishapita, pakiti huandikwa ni ya mwinuko gani na inakomaa kwa muda gani. Mama yangu, ambaye aliacha shule darasa la sita, akiingia duka la pembejeo hugeuza pakiti kwanza asome hapo. Ukimpa mbegu ya nyanda za juu atakurudishia. Nilimpa namba ya nyanda za juu akaipokea, kwa sababu haikuwa na pakiti.

Hoja yangu yote iko hapo. Namba ya makadirio ni pembejeo kama mbegu na mbolea. Inaingia shambani, inaamua mtu atakopa kiasi gani na atanunua magunia mangapi. Tunaruhusuje ipite bila majaribio ambayo hata pakiti ya kilo mbili ya mbegu ya mahindi hulazimika kuyapitia, tena huyaonyesha nje?

Wasomi wetu wenyewe wamelionyesha jambo hili katika uwanja mwingine kabisa. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulikuwa umeonyesha kwamba kuongeza mwalimu wa kandarasi katika shule ya msingi kunainua alama za watoto. Matokeo mazuri, yaliyopimwa kwa uangalifu. Kisha Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na wenzao wakafuatilia mpango huo ulipopelekwa katika mikoa yote minane ya wakati ule, shule nyingine zikisimamiwa na shirika lisilo la serikali na nyingine na serikali yenyewe. Walipochapisha matokeo mwaka 2013 walisema wazi: chini ya shirika, alama zilipanda, chini ya serikali, hazikupanda. Mwalimu wa kandarasi alikuwa yuleyule kwenye karatasi. Aliyebadilika ni msimamizi, na msimamizi hakuwa safu katika jedwali la kwanza kwa kuwa hapo awali alikuwa mmoja tu. Niliposoma hilo nilikumbuka mwinuko wangu.

Yapo makosa mengine ya kutoka nje ya sampuli ambayo hayahitaji hata kusafiri. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alichapisha vipimo vya vimo vya wazazi na watoto wao waliokwisha kukua, akaonyesha kwamba wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto warefu lakini si warefu kama wao. Watoto hurudi kuelekea wastani. Neno regresheni limetoka huko, kwenye kurudi. Mkopeshaji anayechagua wakulima waliovuna zaidi mwaka huu na kuwapa mikopo mikubwa ya mwaka ujao anasahau hilo. Aliyevuna magunia 32 alikuwa hodari, ndiyo, na pia mvua ilimwangukia vizuri wiki ya kutoa mbelewele. Uhodari atarudi nao. Mvua ile huenda isirudi. Nimeona wakulima hodari wa Kiminini wakiitwa wavivu mwaka uliofuata kwa kosa la kurudi kwenye wastani, na sikupenda.

Sisemi modeli zitupwe. Kuna wenzangu wanaoniambia tangu siku ile kwamba tuache kompyuta, afisa wa kilimo apite aangalie kwa jicho kama zamani. Namheshimu afisa huyo, na jicho la mtu aliyetembea Sirisia miaka 30 huona mengi. Lakini jicho nalo lina sampuli yake. Afisa aliyezoea Tongaren, ambako ardhi na hali ya hewa vinakaribiana na vya Trans Nzoia, akihamishiwa Bumula atakosea kama nilivyokosea, na hakuna atakayejua kwa magunia mangapi. Modeli angalau inakubali kupimwa. Kosa lake unaweza kuliandika, kulilinganisha mwaka hadi mwaka, na kulidai lipungue. Wema wake wote uko hapo. Asiyeipima ameutupa wema huo akabaki na kiburi chake.

Ndiyo maana naitetea sehemu moja ya bima ya mazao. Machi 2016 serikali ilizindua bima ya mahindi inayotegemea wastani wa mavuno ya eneo, ikianzia Bungoma, Embu na Nakuru, huku ikichangia nusu ya ada. Eneo linagawanywa, mashamba machache yanachaguliwa kwa bahati nasibu, mazao yanakatwa na kupimwa, na wastani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wote waliokata bima katika eneo hilo wanalipwa. Ina udhaifu wake. Shamba lako likiharibiwa na mvua ya mawe huku jirani wakivuna, wastani hautakulilia. Lakini kila msimu mtu anaingia shambani, hapohapo, mwaka huohuo, na kamba na mizani. Haikisii Bumula kwa kutumia Kwanza.

Sasa nasikia gharama ya kukata sampuli ni kubwa mno na kwamba setilaiti itaifanya kazi hiyo kutoka juu. Nimeisoma kazi ya Marshall Burke na David Lobell wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliyochapishwa 2017, ambao walitumia picha za setilaiti kukadiria mavuno ya mashamba madogo magharibi mwa Kenya. Ni kazi nzuri. Ila nao walikusanya takwimu za mavuno mashambani, ili picha zipate kitu cha kulinganishwa nacho. Setilaiti huona ukijani; ukijani unageuzwa kuwa magunia na modeli; na modeli hiyo nayo ilifunzwa mahali. Ukiondoa wapimaji wa ardhini kila msimu, utabaki na jicho kubwa angani linaloikumbuka miaka iliyopita. Siku kiwavi kipya kitakapoingia, kama kilivyoingia 2017, litaona majani ya kijani mwezi wa Mei na kuahidi mavuno.

Kwa hiyo nawaambia waliomo kwenye ofisi za kilimo za kaunti hizi mbili za Trans Nzoia na Bungoma, wenye bima na wakopeshaji: kabla ya kuleta namba katika wadi, ficheni wadi nzima. Ficheni na mwaka mzima. Modeli ikisie mahali ambapo haijawahi kukanyaga na msimu ambao haijauona, kisha kosa lake liandikwe kwa magunia. Msitumie asilimia wala herufi za kitaalamu. Magunia kila mtu anayajua. Wapeni wakulima namba mbili, ya chini na ya juu, msiwape moja. Mimi ningemwambia mama magunia 6 hadi 20, angejua mwenyewe la kufanya, kwa sababu amelima miaka 40 na anajua maana ya 6. Na mkopo upimwe kwa ile ya chini. Aliyekadiria ndiye abebe sehemu ya kosa, lisiangukie mbuzi wa kukhu peke yake.

Na andikeni pakiti. Modeli hii ilifunzwa katika wadi hizi, mwinuko huu, miaka hii. Ndani yake hapakuwa na kayongo, hapakuwa na viwavi, hapakuwa na msimu wa pili. Maneno machache, kwa Kiswahili, au kwa Kibukusu pale inapofaa.

Kukhu nilimlipa mbuzi mmoja mwaka 2019. Wa pili alikataa, akasema mmoja unatosha kwa kuwa na yeye aliamini. Tangu wakati huo, kila Agosti nakwenda Bumula na kamba yangu na vigingi. Napima kwa mama, kwa kukhu, na kwa jirani wengine wanaokubali, na sasa kayongo ina safu yake: naihesabu mche kwa mche ndani ya mraba. Mama ameanza kuchanganya desmodiamu na mahindi ili kulikaba gugu hilo, na hiyo pia ina safu.

Mwaka huu kabla ya kupanda aliniuliza hesabu inasemaje. Nikamwambia magunia 8 hadi 14. Akauliza niliikosea kwa ngapi mwaka jana. Nikamwambia mawili. Akainuka, akapanda kwenye kiti, akatoa darini yale magunia mapya ya 2017 ambayo hayajawahi kutiwa mahindi, akayakung'uta vumbi mlangoni, akahesabu manane na kuyaweka kando ya kitanda. Yaliyobaki akayarudisha juu.